Chumvi Kiasi: Ninavyovipenda Zaidi katika Programu, Vitabu na Chakula

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayejifunza kuandika programu kwa kutumia simu kwa sababu bado hajapata kompyuta, aliniuliza wiki mbili zilizopita maswali matatu kwa mpigo: "Shikamoo kaka. Lugha gani ya programu unaipenda kuliko zote, kitabu gani, na chakula gani?" Nilimjibu palepale kwamba ni Python, Kusadikika na vitumbua, naye akaondoka ameridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu jibu la namna hiyo humpa mtu majina bila kumpa sababu, na sababu ndiyo inayomfaa anayejifunza. Ninaandika hapa jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile.

Mimi ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Programu ninaziandika jioni baada ya kazi na Jumapili mchana. Hazinilipi chochote, wala sijawahi kutamani zinilipe. Mtu wa aina yangu, ambaye halazimishwi na mwajiri kutumia chombo fulani, ana uhuru wa kubaki na kile tu anachokipenda, na baada ya miaka 10 ya kubakiza na kuacha nimeona kwamba kipimo changu ni kimoja katika mambo yote matatu: ninakipenda kitu kinachoyapokea maisha ya nyumbani kwetu kama yalivyo, bila kunitaka kwanza niyapunguze ndipo yaingie.

Nianze na saa, kwa kuwa ndiyo programu yangu ya kwanza iliyofanya kazi ipasavyo. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama, kwa hiyo ikiandika 07:00 kwetu ni saa moja asubuhi, na ikiandika 13:00 kwetu ni saa saba mchana. Mwanzoni nilidhani inatosha kutoa sita. Saba ukitoa sita unapata moja, kumi na mbili ukitoa sita unapata sita, na mambo yanakwenda vizuri mpaka unapofika 03:00, ambapo programu yangu iliandika saa hasi tatu. Dawa yake ni kujumlisha badala ya kutoa: ongeza sita, gawanya kwa 12, kisha chukua baki. Tatu na sita ni tisa, nayo ni saa tisa usiku kama kila mtu anavyoisema. Inabaki kasoro moja tu, kwamba 06:00 na 18:00 zote mbili huacha baki la sifuri, na kwetu hakuna saa sifuri. Kwa hiyo baki likiwa sifuri sharti uandike 12. Katika Python maelezo haya yote huingia katika mstari mmoja mfupi, na mtu asiyejua kuprogramu akiusoma mstari huo huku umemwekea kidole juu yake, anaelewa.

Hapo nilidhani nimemaliza, kumbe tarakimu ndiyo sehemu iliyo rahisi. Saa kumi na moja peke yake haisemi kitu. Ni lazima useme kama ni ya alfajiri au ya jioni, na mipaka ya maneno hayo haikuandikwa popote. Nilimwuliza shangazi yangu saa tisa na nusu ni ya wakati gani, akasema ni alasiri, kwa kuwa adhana ya alasiri hukaribia au imekwisha kuadhiniwa. Mimi ningesema mchana. Kisha likaja suala la siku yenyewe. Shangazi, kama wazee wengi wa pwani, akitaja usiku wa Ijumaa anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa kwake siku huanza jua linapozama. Wenzangu wa dukani wakitaja usiku wa Ijumaa wanakusudia Ijumaa yenyewe baada ya kufunga duka. Programu ya kukumbusha shughuli za ukoo, ambayo ndiyo niliyokuwa naitengeneza, ikikosea hapo watu watafika kwenye hitima siku moja baada ya kwisha. Nilichofanya ni kuifundisha programu iulize: mtu akiandika "usiku wa Ijumaa", inamwandikia tarehe mbili na kumtaka achague. Msimbo, yaani maandishi ya programu, wa sehemu hiyo una mistari mingi kuliko saa yenyewe, na siuonei uchungu hata mmoja.

Kwa nini Python? Lugha nyingine zingeweza kazi hiyo, na baadhi yake zinakwenda kasi zaidi. Python ilinishika kwa sababu haikunichosha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe: hakuna mabano ya kufungua na kufunga kila mahali, na mpangilio wa mistari unayoiona kwa macho ndio mpangilio unaofuatwa na mashine. Vigeu vyangu vyote, yaani vile vishikilio vya thamani zinazobadilika, ninavipa majina ya Kiswahili, jumla, baki, mgeni, tarehe, na msimbo wangu unasomeka nusu kama maelezo ya mtu. Ninapenda pia namna ilivyozaliwa. Guido van Rossum, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti huko Amsterdam, aliianza katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989 ili apate jambo la kumshughulisha ofisi ikiwa imefungwa, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1991. Lugha ambayo leo inafundishwa vyuoni na kutumiwa na makampuni makubwa ilianza kama kazi ya mapumziko, kwa hiyo anayeandika programu kwa mapenzi tu hana haja ya kuona aibu mbele ya mtu yeyote.

Mwaka huohuo wa 1991 Mholanzi mwingine, Bram Moolenaar, alitoa Vim, kihariri cha maandishi ambacho ndicho ninachotumia kwa kila kitu, pamoja na makala hii. Ukikifungua bila kutaja faili, katikati ya skrini hujitokeza mistari michache: jina lake, toleo, na mara nyingi mstari mmoja unaomwomba mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Siku ya kwanza nilipouona mstari huo nilisimamisha kazi nikaanza kuusoma ufafanuzi wake. Moolenaar aliishi mwaka mzima wa 1994 huko Kibaale, mji mdogo wa Rakai kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akijitolea katika kazi za maji na usafi wa mazingira, wakati UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi katika eneo lile. Aliporudi kwao alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto hao, na badala ya kuiuza programu yake aliitoa bure, akiomba tu kwamba anayeipenda awakumbuke wale watoto. Alifariki Agosti 2023. Mimi nina ndugu upande wa mama huko Kagera, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Rakai, na ninayajua makaburi ya miaka ile. Kukuta jina la jirani ndani ya chombo kinachofunguliwa kila siku na watu wa dunia nzima kulinifunga kwa Vim kuliko sifa yoyote ya kiufundi.

Kwa anayeanza, hata hivyo, sishauri Vim. Vidole vyangu vilihitaji wiki tatu kuzoea kwamba kuandika na kuamuru ni hali mbili tofauti, na katika wiki hizo sikuandika programu yoyote yenye maana. Kijana aliyeniuliza aendelee na kihariri kilichomo katika simu yake.

Sasa vitabu. Shaaban Robert ni mtu wa kwetu. Alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, na Machui si mbali na hapa mjini. Wengi wanamjua kama mshairi, lakini wachache hukumbuka kwamba kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha. Ninapofunga vitabu vya hesabu jioni na kufungua kazi yangu ya hiari, hupenda kukumbuka kwamba sehemu ya fasihi yetu iliandikwa na mtu aliyekuwa na kazi nyingine mchana.

Kitabu chake Kusadikika, kilichochapwa mwaka 1951, nilikisoma mara ya kwanza shuleni na sikukipenda. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno mbele ya Mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria, na katika kujitetea anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa zamani na nchi ya Kusadikika: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anasafiri kwa taabu, anaona mambo mema huko aendako, anarudi na mashauri ya kuinufaisha nchi yake, kisha anaadhibiwa. Nikiwa na miaka 16 niliona ni hadithi moja iliyorudiwa mara sita, na nilipofika kwa mjumbe wa tatu niliruka kurasa.

Nilikirudia baada ya miaka mingi, nikiwa tayari nimekwisha kuandika vitanzi visivyo na idadi. Kitanzi ni sehemu ya programu inayorudia kazi ileile, na mara nyingi kila mzunguko hubadilisha kigeu kimoja tu. Anayekiandika hufanya hivyo kwa makusudi: anapotaka kujua kosa liko wapi, hushikilia kila kitu kisibadilike, akabadilisha kimoja, akatazama matokeo. Nilipomsoma Karama kwa jicho hilo niliona kwamba urudiaji ndio ushahidi wake. Mjumbe anabadilika, upande wa dunia unabadilika, mashauri yanabadilika, na hukumu inabaki ileile. Ukisikia habari ya mjumbe mmoja unaweza kusema alikuwa na bahati mbaya, au alisema vibaya mbele ya wakubwa. Ukisikia habari za wote sita huwezi tena kumlaumu mjumbe, na macho yako yanahamia kwa waliokuwa wakihukumu. Karama hakuhitaji kuwatukana. Aliwapanga tu wajumbe mstari mmoja. Kila ninapomaliza kitabu hiki, nacho nimekimaliza mara tano sasa, ninastaajabu kwamba mtu aliandika hoja ya namna hiyo chini ya serikali ya kikoloni na kuificha ndani ya hadithi ya nchi inayoelea hewani.

Kitabu cha pili ninachokipenda kiliniokoa katika jambo la programu, na mambo hayo mawili siwezi kuyasimulia mbalimbali. Marehemu baba yangu alikuwa na shamba la michungwa Muheza, na aliacha madaftari manne ya maelezo ya kazi za kila siku: nani alilipwa, mvua ilinyesha lini, miti ipi ilizaa. Niliyachapa yote, mengine kwenye kompyuta na mengine kwenye simu nikiwa safarini, kisha nikaandika programu ya kuhesabu ni maneno gani aliyatumia zaidi. Nilitegemea kuona machungwa, mvua, vibarua. Niliyaona. Lakini karibu na juu ya orodha palikuwa na neno "oa", mara mamia, katika madaftari ya mtu ambaye hakuandika habari za harusi hata ukurasa mmoja. Chini yake palikuwa na "kung", na "tumeng", na "ombe", maneno ambayo hayako katika lugha yoyote ninayoijua.

Wiki hiyo nilikuwa ninasoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyotoka mwaka 1960, ya kwanza katika zile za Bwana Msa. Ninachokipenda kwa Bwana Msa ni utulivu wake. Wengine wanakimbilia mizimu kabla hawajauliza. Yeye anavuta kiko chake, anamchukua shahidi mmoja, anamsikiliza mpaka mwisho, ndipo anakwenda kwa wa pili. Mimi nilikuwa nimekwisha kufikia kuilaumu kompyuta, na kufikiri kuifuta programu yote na kuanza upya. Nilikiweka kitabu chini nikaamua kumhoji shahidi mmoja. Niliitaka programu inionyeshe sentensi moja tu ambamo imeliona neno "oa", nayo ikanionyesha: "Leo vibarua watano wa kung'oa magugu."

Kosa lilikuwa limekaa wazi. Njia ya kawaida ya kukata maneno huamini kwamba neno ni herufi zinazofuatana, na ikikutana na alama nyingine yoyote hukata. Alama ya ng' iliyo katika kung'oa ilionekana kama mpaka, kwa hiyo kung'oa kukawa "kung" na "oa", na ng'ombe akagawanywa vipande viwili. Nilirekebisha kanuni ili alama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya neno ikiwa kati ya herufi, na hapo kung'oa kukarudi mahali pake. Hata hivyo orodha ilionyesha kung'oa mara mbili, kila moja na idadi yake, na kwa macho yalikuwa maneno yaleyale. Ilinichukua usiku mwingine kugundua kwamba kompyuta yangu huandika alama iliyosimama wima na simu yangu huandika iliyopinda, na kwa mashine hizo ni herufi mbili zisizo na undugu. Tangu siku hiyo kila maandishi ya Kiswahili yanayoingia katika programu zangu hubadilishwa kwanza alama zote za aina hiyo ziwe moja, ndipo kazi nyingine ianze. Ninalisema jambo hili kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wanaofanyia kazi maandishi ya Kiswahili watakutana nalo, na hakuna somo hata moja nililosoma lililonitahadharisha.

Bwana Msa ana vitabu vingine, na cha mwaka 1974 kinaitwa Siri ya Sifuri, jina ambalo mtu yeyote anayehesabu kuanzia sifuri hawezi kulipita rafuni. Kwa watu wa nathari ya siku za karibu, ninamweka Kezilahabi mbele, hasa riwaya zake fupi mbili za mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nagona na Mzingile. Sizielewi zote. Ninazirudia kila mwaka, na kila mwaka hunipa ukurasa mmoja au miwili zaidi, na hilo linanitosha. Ninavisomea vitabu hivi katika maktaba ya mkoa, lile jengo la zamani ambalo enzi za Waingereza liliitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, kwa kuwa upepo wa bahari hufika.

Nimefika kwenye chakula, na hapa ndipo vyote vitatu hukutana, kwa kuwa programu ninayoipenda kuliko zote nilizoziandika ni daftari la mapishi ya shangazi.

Shangazi ana miaka 74 na hupika vitumbua vya kuuza tangu kabla sijazaliwa. Nilianza kuyaandika mapishi yake kwa sababu mikono imeanza kumuuma, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameandika chochote. Nilikwenda na mizani ya jikoni na kompyuta mpakato, nikakaa kwenye kigoda, nikamwuliza mchele kiasi gani. Akasema kibaba na nusu. Kibaba chake ni kopo lililokwisha kupoteza rangi. Nilipolijaza mchele na kulipima nilipata gramu 640. Vipimo vya zamani vina mpango unaompendeza mtu wa kompyuta, kwa kuwa kila kimoja ni maradufu ya kilichotangulia: nusu kibaba, kibaba, kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni visaga viwili, yaani vibaba vinne. Kwa kopo la shangazi pishi inatoka kilo mbili na nusu na ushei, na nilifurahi kuona kwamba inalingana na kile tunachotoa nyumbani kila mwisho wa Ramadhani, maana zaka ya fitri bado tunaitaja kwa pishi. Ila kibaba hupima ujazo, hakipimi uzito, na kibaba cha unga si kibaba cha mchele; kwa hiyo programu ina jedwali lake la kila kitu na uzito wake katika kopo lile, na kopo lenyewe nimelipiga picha.

Mapishi yote yamo katika hifadhidata ya SQLite, ambayo nayo ni kipenzi changu. Aliyeianzisha ni Mmarekani anayeitwa Richard Hipp, mwaka 2000, na leo imo ndani ya takriban kila simu ya Android na iPhone bila wenye simu kujua. Hifadhidata nzima ni faili moja. Nikitaka kumpa binamu yangu aliye Muscat mapishi ya nyumbani, ninamtumia faili hilo kama ninavyomtumia picha. Haina hati ya masharti. Mahali ambapo programu nyingine huweka haki na makatazo, yeye ameweka dua tatu fupi: kwamba usomaye utende mema na si maovu, upate kusamehewa na uwasamehe wengine, na ugawe bila kuchukua zaidi ya unachotoa. Mara ya kwanza nilimsomea shangazi nikimtafsiria, naye akaitikia amina.

Lakini sababu kubwa ya kuipenda ni chumvi. Safu ya kipimo niliitangaza kuwa ya namba, kama mhasibu yeyote angefanya, na mchele, sukari, iliki na nazi zikaingia vizuri. Nikamwuliza chumvi. "Kiasi," akasema. Nikamwuliza kiasi ni kijiko kipi. "Mwanangu, kiasi ni kiasi. Unaonja." Hifadhidata nyingi zingelikataa neno hilo katika safu ya namba, na mimi ningelazimika kubuni namba ambayo shangazi hakuitamka, gramu tatu au nne, na baada ya miaka 20 wajukuu wangeiamini kana kwamba ni yake. SQLite, usipoiagiza iwe kali, hulipokea neno mahali pa namba na kulitunza kama lilivyo. Wataalamu wengi huihesabu tabia hiyo kuwa kasoro, na katika hesabu za duka ningekubaliana nao moja kwa moja. Katika mapishi ya shangazi ndiyo njia pekee ya kusema kweli. Anayeitaka programu iongeze mapishi mara tatu kwa ajili ya shughuli, hupata mchele vibaba vinne na nusu, nazi sita, na chumvi kiasi.

Kulikuwa na kazi nyingine ndogo iliyonipendeza, nayo ni kuifanya programu izungumze kwa ngeli. Mfano niliouiga ulikuwa na ujumbe mmoja tu wa kufuta, na ukiutafsiri ulivyo unapata "kitumbua imefutwa", jambo ambalo shangazi asingelivumilia hata siku moja. Niliipa programu orodha ya nomino na viambishi vyake, umoja na wingi, ili iseme kitumbua kimefutwa, vitumbua vimefutwa, mchuzi umefutwa, maandazi yamefutwa. Ni orodha ya nomino 60 tu, na ilinichukua jioni mbili.

Kuhusu vyakula vingine nitasema kwa kifupi. Mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa changu cha Jumapili. Ugali na dagaa wa kukaanga wenye ndimu ndio chakula cha siku za kufunga hesabu za mwezi, kwa kuwa hakimchukulii mtu muda. Machungwa ya Muheza hubaki ya kijani hata yakiiva, na mgeni huyapita sokoni akidhani ni mabichi. Ningemsihi achukue moja, alimenye, alikate nusu, alifyonze palepale.

Vitumbua vyenyewe huanza usiku. Mchele huoshwa na kulowekwa, asubuhi humwagwa maji, husagwa kwa tui zito lililokamuliwa kwa nazi iliyokunwa kwenye mbuzi, pamoja na iliki, hamira na sukari. Shangazi alisaga kwa kinu miaka ile; sasa anakubali blenda, ila anaisimamisha mapema, rojo likiwa bado na chembe ndogo unazozisikia ukilisugua kati ya vidole, kwa kuwa asema likiwa laini kabisa kitumbua hukaa kama mkate wa dukani. Kisha hufunikwa karibu na jiko liumuke. Chuma huwekwa motoni mpaka kipate moto sawasawa, kila shimo hutiwa mafuta kidogo, kisha upawa wa rojo, nalo hulia mara moja na kuanza kujikunja pembeni.

Nilimwuliza kitumbua kinageuzwa baada ya dakika ngapi, nikiwa nimeweka kidole kwenye safu ya muda. Hakujibu. Alinivuta nikaribie, akanionyesha kwa kijiti: uso wa kitumbua ulikuwa bado unang'aa kwa unyevu, kisha tundu moja likafunguka katikati, kisha mengine, ukingo ukaacha kung'aa na kuanza kujitenga na chuma. "Sasa," akasema, akakigeuza, na upande wa chini ukatoka na rangi ya majani makavu ya mnazi. Katika safu ya muda nimeandika: mpaka matundu yafunguke na ukingo uache kung'aa. Jumamosi ijayo kijana wa mtaani atakuja na simu yake tuifungue pamoja programu hiyo, na shangazi amekwisha kuagiza nazi mbili.